Wigo wa Aziza

Usumbura, Machi 1909

Mama yangu Batuli,
Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Pokea vijiti vya maua kutoka bustani ya Boma, ambayo Mdachi amenipa niitunze. Maua yake huchanua ya manjano, kisha hugeuka mekundu. Ni magumu, hayadai maji, hata mbuzi hayali. Panda wigo kuzunguka nyumba yote, wala usipunguze tawi. Njia ya ufukweni inapita mlangoni kwetu, na sitaki wavuvi wamkodolee macho mke wangu.
Mwanao, Radjabu

Rumonge, Januari 1910

Mwanangu,
Marahaba. Hatujambo. Wigo wako umenipita kimo, na mtaa mzima unakuja kuomba maua ya harusi. Mkeo Aziza anashinda humo kivulini akisuka mikeka. Analalamika nzi wanamuuma. Nimemwambia aache kudeka.
Mamako, Batuli

Usumbura, Machi 1910

Mama,
Kata wigo wote leo! Daktari hapa anasema nzi hao ni mbung'o, hujificha vichakani karibu na maji, na ndio wanaoleta malale. Nimewaona wagonjwa, mama. Mtu anasinzia na tonge mkononi.
Radjabu

Rumonge, Aprili 1910

Radjabu,
Hata shikamoo siku hizi hakuna? Jana nisipunguze tawi, leo nikate wote! Nikiukata, mkeo akae wapi, barabarani? Mnyapara alikuja na watu wake kufyeka vichaka vyote vya pwani. Nikamwambia, "Haya ni maua ya Boma, ya Bwana Mkubwa mwenyewe. Thubutu!" Akaogopa, akapita. Basi tulia.
Mamako

Usumbura, Agosti 1910

Mama,
Shikamoo. Nakuandikia, hujibu. Boma wamenikatalia ruhusa. Aziza hajambo? Niambie neno moja tu.
Mwanao

Rumonge, Novemba 1910

Mwanangu,
Nilinyamaza kwa aibu. Aziza alianza kusinzia na mkeka mapajani. Nikamwita mvivu, nikammwagia maji, naye akaniambia, "Mama, iko usingizi tu, nisamehe." Mwenyezi Mungu ndiye anijuaye.

Wigo nimeukata kwa mikono yangu, lakini nimechelewa. Sasa wavuvi wanapita wakimwona, mtandio umemwanguka, wala haokoti. Nzi akimtua usoni hamfukuzi.

Usiombe tena ruhusa, toroka. Nina hasira na wewe kama nilivyo na hasira na nafsi yangu. Ulitaka asionwe na mtu, nami nikakutii. Njoo umwone wewe, angali anafumbua macho asubuhi.
Mamako, Batuli