Mti wa Kushoto

Mwalimu Lin,

Usicheke mwandiko. Najua utacheka.

Binti yako Mei aliniomba niandike jina lako kwa brashi, lichongwe kwenye jiwe la kaburi. Mimi! Mchora vibao vya saluni hapa mtaani Albert Park. Nikamwambia atafute Mchina anayejua. Akasema, "Anko, Baba alikufundisha wewe miaka sita." Nikakosa pa kujificha.

Nimeandika wiki nzima. Ulinisimulia habari za yule mwandishi wa kale aliyeosha brashi zake mpaka bwawa likawa jeusi. Mimi nimeziba sinki tu. Jana nikapata karatasi moja safi, ile herufi ya jina lako, michoro ya miti miwili ubavu kwa ubavu, imesimama kama mapacha, nikampelekea Papa Jules, mchonga mawe wa Sydenham. Nikaondoka nikijipongeza. Taxi iliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nyekundu imewaka, nikakusikia, kwa Kiswahili chako cha Mbeya, cha miaka ile ulipojenga reli: "Fundi, miti ikikaa pamoja, wa kushoto hukunja tawi kumpisha mwenzake."

Mwalimu, nilikuwa nimechora mti mmoja mara mbili! Kama kibao cha saluni.

Nikashuka kwenye taxi, nikakimbia na kitambi hiki. Papa Jules ameshashika patasi. "Eish, papa, jiwe haina kifutio!" Nikatoa brashi mfukoni, nikaandika upya palepale, kwenye benchi lake lenye vumbi. Tawi la kushoto likatoka fupi. Likatetemeka pia. Nilitamani kulipitia tena, kidogo tu... Nikakumbuka ulivyokuwa ukiinua kazi yangu dirishani, mwanga ukaufichua wino wa pili. "Herufi si ukuta, fundi. Haipakwi mara mbili." Nikaliacha. Limechongwa hivyo hivyo, linatetemeka. Nisamehe.

Ila tangu hapo sikai wala silali. Meza yako ilikuwa ndogo, nami nina viwiko vya mbeba mizigo. Miaka sita uliandika ukiwa kushoto, bega limebanwa ukutani. Mimi mjinga nilidhani unapenda ukuta.

Basi nyoosha bega, Mwalimu, ulale. Mei anataka kujifunza; anaanza Jumamosi, kwenye meza ileile. Nitakaa kushoto.

Fundi wako,
Rashidi