Kanuni za Aliyezikwa kwa Mgomba

Temeke,
Agosti 3, 2025

Dada yangu Demetria,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, miwani ikiwa mahali pake na presha imetulia kama daktari alivyotaka. Mimi ni mzima kwa kadiri ya miaka sabini na mitatu. Goti la kushoto linauma asubuhi, la kulia linauma jioni, na mchana yote mawili yananipa nafasi. Nisalimie wanao na wajukuu, na yule jirani anayekuletea maziwa.

Barua yako ya Juni niliipata, na nimeisoma mara nyingi. Umeandika kwamba fundi ameshatoboa ukuta wa nyuma ya nyumba, tundu la kupita mtu aliyeinama, nawe umelifunika kwa gunia ukiningoja. Umeandika kwamba kati ya wote waliotupa udongo siku mlipozika mgomba badala yangu, umebaki wewe peke yako, na kwamba uzito wako umeshuka tena. Umenikumbusha pia kile kipande cha gazeti chenye tanzia yangu, unachokitunza ndani ya kitabu cha misa: jinsi baba mdogo alivyokosea umri wangu katika karatasi aliyoituma, akaandika ishirini na saba, ukalia kwa kosa hilo kuliko kwa msiba wenyewe, kisha gazeti likatoka na ishirini na sita. Unasema ni Mungu aliyesahihisha. Nitarudi hapo.

Kwanza nikueleze ninavyopitisha siku. Tangu nistaafu usahihishaji gazetini, napata vikazi vidogo. Mwezi wa nne alinijia mwalimu Lusungu, ambaye tumepanga naye nyumba moja. Anafundisha hisabati sekondari huko Buguruni. Aliniambia kwamba yeye na wenzake wawili wana mchezo wa mezani wa kuigiza. Mmoja husimulia safari, wengine hujifanya watu wa safari hiyo, na jambo gumu linapotokea hurusha kete yenye pande ishirini kuona kama wamefaulu. Kanuni zake zimo katika kitabu kikubwa cha Kizungu. Wao walikuwa wanaandika kijitabu cha nyongeza, kwa Kiswahili, cha viumbe waliokufa lakini bado wanatembea. Walitaka msahihishaji.

Nilikubali kwa sababu nilikuwa sina kazi nyingine. Wanakutana Jumamosi alasiri katika steshenari ya Praygod, jirani na soko la Tandika, nyuma ya mashine ya fotokopi. Wa tatu ni Hamida, anayeuza katika duka la dawa, mtu wa Newala. Wote wananiita Mzee Sebastian, jina langu la kipaimara, kama ninavyoitwa na kila mtu huku.

Kazi ya kwanza ilikuwa kichwa cha kijitabu. Waliandika Wasiokufa. Niliwaambia hao wamekufa, tena vizuri tu. Tatizo lao ni kwamba hawajatulia. Tukaandika Wafu Wasiotulia. Hamida alifurahi, akasema ndiyo maana alitaka mzee, siyo mtu wa kuweka nukta tu.

Ubishi wao ungekuchekesha. Kitabu cha Kizungu kina mfu wa barafu, na Hamida alisema huyo kwa Temeke angeyeyuka kabla hajauliza bei ya nyanya. Praygod alitaka msukule apewe nguvu kumi na nane, maana analima usiku kucha bila kulipwa. Hamida akamjibu kwamba kwa hesabu hiyo hata yeye Praygod amuandike, mbona mkewe anamlimisha bure kila likizo. Halafu akagoma kabisa msukule na ndondocha wa kwao kuwekwa ukurasa mmoja. Alisema sie wa Kusini tumedharauliwa vya kutosha, msituchanganyie hata wafu. Lusungu aliwaomba wapunguze sauti, kuna mteja anataka kutoa nakala ya cheti cha ndoa.

Kila kiumbe kina mistari minne: kinachomzuia kutulia, asichoweza kufanya, madhara yake, na kinachompumzisha. Siku moja ukurasa ulibaki mtupu, wakaniuliza kwetu kuna nini. Nikawaeleza desturi ya ukoo wetu kama mtu anayesoma tangazo. Kwamba mtu akipotelea mbali na mwili usionekane, huzikwa mgomba badala yake. Kwamba akirudi baadaye akiwa hai, bado ni mzikwa. Hapiti mlangoni, halali chini ya paa la nyumbani, hali chungu kimoja na ndugu zake. Mpaka mmoja wa waliotupa udongo asimame ndani ya nyumba, yeye akiwa nje kwenye tundu la ukuta, amwite kwa jina alilozikwa nalo na kumuuliza: ulikufaje? Akijibu kweli, anaingia na mgomba unafukuliwa. Akidanganya, aliyemuuliza anakuwa amemzika mara ya pili.

Wakaanza kuandika wote kwa pamoja. Praygod alisema hii ndiyo ya jalada. Walimpa jina la Mzikwa-Mgomba. Lusungu akakwama kwenye mstari wa madhara; aliniuliza anadhuru vipi. Nilisema hadhuru mtu, anakaa tu mbali. Akasema kwa heshima kwamba kiumbe asiye na madhara hana haja ya kuwa kitabuni. Nilifikiri kidogo, nikachukua kalamu, nikaandika: Kila anaponyamaza akiulizwa, aliyemlilia hupungukiwa alama moja ya uhai. Lusungu alisema imekaa sawa. Mimi sikuhisi chochote. Niliangalia tu kama nukta ipo.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita walitaka kuzijaribu kanuni hizo. Wakasema Mzikwa-Mgomba aigizwe na mwenye mgomba wake, yaani mimi, na Hamida awe dada. Lusungu alisimulia nyumba, uwanja, ukuta wa nyuma. Hamida aliandika kwenye karatasi yake uhai kumi. Akauliza jina nililozikwa nalo, nami bila kufikiri nikasema Gozbert. Akaniita, akaniuliza nilikufaje.

Nilirusha kete. Ilitoka kumi na tisa. Lusungu alisema nimefaulu, kinywa kimefunguka, niseme. Nilinyamaza. Praygod alicheka kwamba mzee ameigiza mpaka amekufa kweli. Hamida akamwambia anyamaze yeye. Nilisema basi zamu yangu ipite. Hamida akanijibu kwamba babu, hii haina kupita, kanuni umeiandika kwa mkono wako. Alichukua kifutio, akafuta kumi, akaandika tisa. Akaniita tena. Akafuta tisa, akaandika nane. Nilitazama uchafu wa kifutio ukijikusanya pembeni ya karatasi, mweusi, kama vumbi la chai. Alipofika nne hakuna aliyekuwa anacheka, na karatasi ilikuwa imeanza kutoboka pale. Nilisema goti linauma, nikarudi nyumbani.

Dada, wewe una kilo ngapi sasa? Hukuandika. Umeandika tu kwamba umeshuka tena.

Miaka yote hii nimekuambia siji kwa sababu ya kazi, kisha nauli, kisha goti. Sababu ni moja. Nilijua utaniuliza, na nilijua sitaweza kukudanganya nikiwa nimeinama kwenye tundu. Barua inavumilia uongo; nilikwisha kuijaribu. Ile ya mwaka 1986, niliyokuandikia kwamba wanajeshi wa Amin walinikamata siku waliyomuua baba, wakanivusha mpaka, nikakaa huko miaka saba bila kujua kwamba mmenizika, ni ya uongo kuanzia salamu hadi sahihi. Sikukamatwa na mtu.

Nilikufa hivi. Ninyi na mama mlikuwa mmetangulia kuvuka mto. Nilibaki na baba kwa sababu ya mguu wake, nimlete asubuhi kwa baiskeli. Kulipokucha nilimpakia, tukafika mwisho wa shamba, mizinga ikaanza kusikika karibu. Barabara ilikuwa ya matope na baiskeli ilikuwa inazama kwa uzito wa wawili. Nilimshusha, nikamketisha kwenye shina la mgomba, nikamwambia naenda kuchota maji. Aliniambia nichukue kofia yake, kutakuwa na jua. Nikaichukua. Nikapanda baiskeli, nikavuka daraja kabla halijavunjwa, na sikusimama mpaka Biharamulo.

Sikuwa na ndoo, Demetria. Baba aliona kwamba sina ndoo.

Nilifika Dar es Salaam, nikapata kazi gazetini kwa jina la Sebastian. Mwaka 1980, zamu ya asubuhi, walinipa safu ya tanzia. Ya tatu kutoka juu ilikuwa yangu. Ilisema Gozbert alifariki akikataa kumwacha baba yake mgonjwa, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Niliisoma kama nilivyosoma nyingine. Ningeweza kuinuka na kupiga simu parokiani. Nilikata saba, nikaandika sita pembeni, nikatia alama ya kupitisha, nikaendelea na ya nne.

Kwa hiyo si Mungu aliyesahihisha. Ni mimi.

Nimeiandika hapa ili usije ukasimama kwenye ukuta kuniuliza na mwili huo unaopungua. Siombi kitu. Wewe ndiye uliyetupa udongo, na kwa desturi yetu neno ni lako. Mvua zenu zinakaribia, na gunia halizuii mvua. Ukiona jibu hili ni la kweli lakini mwenye jibu hafai kuingia, mwite fundi azibe tundu, nami nitajua kwa kimya chako. Ukiona vinginevyo, niandikie mstari mmoja tu, nami nitapanda basi la kwanza, hata goti likikataa. Kofia ninayo. Haijawahi kuvaliwa.

Wasalimu wote niliowataja na nisiowataja. Ukienda makaburini mwambie mama nimeandika. Kula, dada, hata kidogo, hata kama ni kwa hasira. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,

Gozbert,
wa miaka ishirini na sita