Kichwa cha Stendi Kilicholegea

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Cheyo tu wazima, na shangazi yako kajifungua salama.

Unauliza ununue kichwa gani cha stendi ya kamera, kile kipande cha juu kinachoishika, kwa hela kidogo. Nunua kizito, hata kilichotumika. Kabla ya kulipa, weka kamera juu yake, usubiri. Kikishuka, kiache.

Enzi za Mwingereza, muuza duka mmoja hapa Tabora aliniuzia chepesi. "Kwa picha za shamba kinatosha," akasema. Kana kwamba watu wa shamba hawana nyuso!

Nikaenda nacho kijijini Ziba kwa mama yangu mgonjwa. Nikatega kamera itupige picha yenyewe, nikaketi kando ya mama. Kichwa kikalegea, kamera ikainama. Filamu iliposafishwa, mama alikwisha kuzikwa, na picha ilionyesha miguu yetu tu.

Nikampelekea yule muuzaji picha hiyo. "Mbona imetoka safi?" akanijibu.

Nimezeeka, mjukuu wangu. Hasira ile haijazeeka.

Babu yako