Rangi ya Ng'ombe wa Kalinzi

Smithfield, Sydney
16 Januari 2022

Mpendwa Mjomba Libère,

Nakusalimu kutoka huku mbali, nikiamini barua hii itawakuta wote nyumbani mkiwa wazima. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama Léonie, kikohozi kimemwacha? Tulisikia kwamba mvua imekata tena barabara ya kushuka mjini, tukawa na wasiwasi juu ya viazi vyenu. Sisi hatujambo. Corona ilipita hapa wiki ya Noeli ikatulaza Baba na mimi. Bibi yetu Koko haikumgusa, na sasa anajisifu kwamba ni maziwa ya milimani aliyokunywa utotoni.

Nimemaliza shule, Mjomba. Hatukufanya sherehe. Karibu miezi minne nilisomea kwenye meza ya jikoni, maana huku upande wa Fairfield tulifungiwa kuliko wengine, hata wanajeshi walikuwa wanapita mitaani. Sasa natafuta kazi. Mama akiwa kwa wazee anaowahudumia na Baba akiwa ghalani, mimi nabaki na Koko.

Barua hii nitaipiga picha na kukutumia wewe peke yako. Tafadhali usiiweke kwenye kundi la familia la WhatsApp. Vénérand yumo.

Pengine humjui vizuri. Ni mtu wa kanisa letu, anaishi Minto, na anasema babu zake walitoka bonde letu. Tulipofungiwa alituachia unga na barakoa mlangoni, akaondoka bila kuingia, kama sheria ilivyotaka. Baadaye akaanza kumpigia Koko simu kila Jumapili baada ya ibada. Anasema anaandika kitabu cha historia ya milima yetu, ili watoto waliozaliwa huku wajue walikotoka. Mimi ndiye ninayeshika simu, kwa sababu Koko akiishika anamwonyesha mtu dari.

Mwanzoni nilizipenda sana Jumapili hizo. Aliuliza juu ya ngoma za mavuno ya mtama, na kanisa la kwanza la matofali, na jinsi watu walivyoshuka alfajiri kwenda kuchuma chai ya Wazungu huku wakiimba. Koko aliimba. Nilijifunza mambo ambayo shuleni hakuna aliyeyajua.

Kisha wewe ukatuandikia kwamba kuna watu wamekuja kupima bonde kwa kamba. Tangu hapo maswali ya Vénérand yamegeuka. Nyimbo hazitaki tena. Anataka kujua mpaka wetu unaishia wapi na nani alipanda miti ya mpaka. Jumapili iliyopita akafika kwenye ng'ombe wa kalinzi, yule ambaye babu yako alimpa mwami, mfalme wetu, ili apewe kilima. Alikuwa wa rangi gani? Mashahidi walikuwa nani? Wajukuu wao wako hai?

Koko alinifundisha zamani kwamba kesi ya kilima huamuliwa hapo: anayemjua ng'ombe ndiye anayesikilizwa na wazee. Koko akajibu bila kusita, "Mweusi, mwenye paji jeupe."

Mjomba, huyo siye. Ng'ombe wetu nimesimuliwa tangu nikiwa mdogo, tukichambua majani ya sombe. Nikafikiri, Koko amezeeka, anaanza kusahau. Nikafungua mdomo nimsahihishe, palepale Vénérand akisikia. Unanijua, kusema mbele ya mtu mzima kunanichukua muda. Neno halijatoka, Koko akanikanyaga mguu chini ya meza.

Simu ilipokatika nikamwambia, "Koko, yule ng'ombe siye."

"Najua. Wewe ulitaka kumpa wangu?"

"Lakini Baba Vénérand ni mtu wa kanisa."

"Amekula kwangu siku gani?"

"Ilikuwa marufuku kuingia, Koko. Corona."

"Basi na ng'ombe wangu ni marufuku kutoka."

Akarudi kwenye sombe yake.

Nilimweleza Baba. Alicheka. "Ninyi wawili mmekaa ndani sana. Mtu anatuandikia historia, mnamwona mwizi." Labda ni kweli. Nikikumbuka ule unga naona aibu, maana kama Vénérand ni mwaminifu, kitabu chake kitabeba uongo wetu, na watoto watajifunza habari za ng'ombe ambaye hakuwahi kuwepo. Koko anasema aje kwanza ale, ndipo atamsahihisha. Nimemwalika mara mbili kwa ujumbe. Mara zote mbili amejibu kwamba simu inamtosha.

Rangi ya kweli siiandiki hapa. Unaijua. Ninachokuomba ni kimoja. Mtu akisimama mbele ya wazee kudai kilima, hata akija na wakili, muulize kwanza rangi ya ng'ombe. Akisema mweusi mwenye paji jeupe, usibishane naye. Waambie wazee kwamba ng'ombe huyo alizaliwa Smithfield, jikoni kwetu, Jumapili iliyopita.

Nisalimie Mama Léonie, Patrick, Déborah na jirani yenu mzee Balthazar. Koko anakubariki, na anasema usiache kupalilia miti ya mpaka. Mungu awafunike ninyi na kilima chetu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye ingawa nikikuona kwenye simu huwa nakosa la kusema,

Aksanti