Mabati Tuliyoyaokoa

Ntoto, Walikale
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa kaka Théophile,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na wifi yangu Élisabeth na mtoto wetu Plamedi. Habari za Lubumbashi? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakifuga kama kawaida yako? Sisi tunaishi, tunamshukuru Mungu. Naomie wangu amerefuka mpaka ananipita. Mtandao haujarudi kijijini, kwa hiyo karatasi hizi nampa jirani yangu Josiane. Akifika Walikale atazipiga picha na kukutumia. Utanisamehe mwandiko, unaujua tangu zamani.

Tulirudi katikati ya Januari, baada ya miezi kumi na mitatu ya ukimbizi. Nyumba yangu ilichomwa, lakini jiko lilibaki na ndimo tunamolala. Mihogo ililiwa yote na nguruwe wa porini. Hayo nayataja haraka kwa sababu siyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kaka, shule ya Papa wetu haipo tena.

Mweleze Plamedi, maana hataamini, kwamba ilikuwa chumba kimoja tu. Darasa la kwanza lilitazama ukuta wa huku, la pili lilitazama ukuta wa kule, migongo ikikaribia kugusana, na Papa katikati akiwageukia hawa, kisha wale, kutwa nzima. Wewe ulijifunza kuzidisha kwa kuwasikiliza waliokuwa nyuma yako, ukachapwa kwa kujibu swali lisilokuwa lako. Miti ya kuta ilikatwa na baba zetu, udongo ukakandwa na mama zetu. Mabati thelathini na sita yalitoka Masisi kwa miguu, moja moja kichwani, kila familia na lake.

Unakumbuka pia desturi yetu ya siku za vita. Risasi zikisikika, Papa alitaka watoto waondoke kwanza, kisha mabati, ndipo kila mtu afikirie sufuria zake. Vijana walipanda wakayashusha, misumari ikatiwa ndani ya kopo, na mabati yakafichwa msituni ng'ambo ya kijito, chini ya majani, kwa sababu wapita njia wenye bunduki wanapenda sana mabati. Baada ya siku nane au kumi tulirudi, na shule ikaezekwa kabla ya nyumba ya mtu yeyote. Tulifanya hivyo mara nne tangu nikiwa msichana. Mara nne shule ilipona, nasi tukajiona wajanja.

Safari hii mkubwa wa komite ya wazazi ni mimi. Siku ile ya Desemba mwaka juzi tulipokimbia, Prince, mwalimu anayefundisha sasa, alinisihi tusiyaguse. Aliniambia: "Mama Francine, hii vita haiko kama ile ya zamani. Tutakawia kule. Tuache nyumba na kichwa yake." Nilimjibu kwamba Papa alianza kuiokoa shule hii kabla yeye hajazaliwa, nikawaamuru vijana wapande. Nilijivuna, kaka. Nilikuwa nawaza jinsi Papa atakavyofurahi.

Tuliporudi nilikimbilia kwanza msituni. Mabati yote thelathini na sita yalikuwepo. Nilirudi njiani naimba. Kisha nikafika uwanjani. Mvua za miezi yote ile zilikuwa zimeyeyusha kuta, limebaki lundo la udongo lililoota nyasi, na miti michache iliyoliwa na mchwa. Zile herufi kubwa ambazo Papa alizichora ukutani kwa makaa, kuanzia A mpaka Z, hata moja haionekani. Na kile kikanisa cha udongo kilicho jirani, ambacho hakuna aliyepata muda wa kukifunua, tumekikuta kimesimama na mabati yake yote. Hakuna aliyeiba chochote. Nilikaa chini pale pale nikalia mpaka Naomie akaja kuniinua.

Prince hajanilaumu hata kwa jicho. Anawafundishia watoto ndani ya kanisa. Mimi asubuhi nazunguka njia ya nyuma kwenda shambani, nisiwasikie wakiimba.

Iliyobaki ilikuwa kumwambia Papa. Yeye bado yuko Walikale kwa shangazi Geneviève, macho yamefifia kabisa, na kila asubuhi alikuwa akiwauliza watu wanaotoka huku kama shule iko. Wote walimjibu iko, maana mimi niliwaomba wajibu hivyo. Mwezi uliopita akaanza kumsumbua shangazi atafutiwe tipoi, abebwe mabegani mpaka hapa, aje aguse ukuta. Hapo nikaona uongo wangu umefika mwisho. Nilitembea siku mbili kumfuata.

Nilimwambia yote, hata onyo la Prince. Aliniuliza kwanza kama mabati yalipatikana. Nikasema yalipatikana yote. Akapapasa magoti yake. Nilitamani anikaripie, kaka, ingekuwa nafuu. Lakini alisema taratibu tu: "Usilie, mwana wangu. Ulifanya sawa vile nilikufundisha. Miaka yote ile nilizani niko nafundisha watu kusoma. Kumbe nilikuwa nawafundisha kukimbia."

Nilimkata kucha, nikampikia sombe, nikarudi. Shangazi anatuma habari kwamba Papa anakula na kulala vizuri, ila hamuulizi mtu tena juu ya shule.

Wazazi wanataka kujenga upya jua likikaza, na tutajenga. Miti imeanza kukatwa. Mimi nimeomba mtu mwingine aongoze komite, wamekataa.

Naomie anakusalimu sana. Prince pia, ingawa hamjaonana. Msalimie wifi, mwambie kitenge alichonitumia ndicho kilichonifunika njia nzima ya ukimbizi. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo, na awape mvua ya kiasi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nina ombi, na wewe peke yako unaliweza. Mpigie Papa kwa simu ya shangazi. Usimpe pole, na habari za vita uziache. Chukua chochote kilicho karibu nawe, Biblia, gazeti, hata karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa, umsomee kwa sauti, polepole, usiruke neno. Ukimaliza, mpe Plamedi simu, naye asome.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Francine