Sauti ya Mama Kwenye Kadi

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Nakutumia kadi ya kinasa sauti cha marehemu mama yako. Kinasa chenyewe kimekufa. Mimi fundi redio mzima kimenishinda, na simu hazitaki kuifungua hiyo sauti. Humo mama anaongea na mtoto aliye tumboni, siku chache kabla ya kujifungua kule kulikotuachia mtoto na kumchukua yeye. Mdogo wako ana miaka tisa sasa, na kila siku ananiuliza mama alikuwa na sauti gani. Nifanyeje, niigize? Hakuna rekodi nyingine. Kabla hujagusa chochote, toa nakala.

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo,

Mgongo pole. Kadi imefika na sauti imo! Kwenye kompyuta sauti ni msururu wa namba tu, kila moja huitwa baiti. Kazini tumehamishiwa lugha mpya ya kuandikia programu, basi nitajifunzia hapo hapo: naandika kitanzi, yaani amri inayojirudia, kinachopitia namba moja moja, kiigeuze sauti ifunguke kwenye simu. Jumapili mtamsikia. Mwambie mdogo wangu aoshe masikio!

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

U mzima kweli? Simu hupokei, barua huandiki. Mdogo wako kila Jumapili anakaa na simu mapajani, hataki hata kwenda kucheza. Kama imeshindikana, irudishe kadi kama ilivyo.

Baba yako

9 Aprili

Baba, shikamoo,

Afya usiniulize. Barua nimeandika nyingi, zote nimechana. Baba, nimemharibu Mama.

Katika lugha niliyozoea, baiti huanzia sifuri kwenda juu. Hii mpya, zile namba kubwa huzionyesha kama hasi, chini ya sifuri. Mimi mgeni nikaona hasi zimejaa, nikadhani ni uchafu wa kadi kuzeeka. Nikaamuru kitanzi, kila kikikuta hasi kiweke sifuri, na kiandike juu ya sauti ile ile ya kwenye kadi. Nakala sikutoa. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshazaliwa.

Nusu ya sauti yake nimeifuta kwa mkono wangu, na hairudi. Nimeziba mapengo kwa kubahatisha. Maneno yanasikika, ila sauti si yake, inakwaruza vibaya mno. Silali, Baba. Nakutumia hicho kilichobaki, lakini mtoto asisikie, nakuomba. Nitukane, ila nijibu.

Mwanao

21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kula, ulale. Kukutukana nimeshakutukana, peke yangu karakanani, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Yameisha.

Nilitaka kumficha mtoto, lakini nilipobonyeza tu simu isikike, kumbe yuko nyuma yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akarudia. Pale Mama anaposema, "Tulia basi, wewe, mateke gani haya!" akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha akaniuliza, "Baba, kwani Mama alikuwa anaumwa koo?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa anaumwa koo.

Ukija nyumbani, na wewe useme hivyo hivyo.

Baba yako