Mawese Ndani ya Klavye

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Nimefagia. Nimekunywa chai kavu, mama wa maziwa wa Katana hakupita. Nimefunga mufuko yangu kiunoni, chini ya kikwembe, nikapapasa vitu vyangu kama kila asubuhi. Kisu ya kukunja. Kibanio ya kutoa miiba. Tochi ndogo kama kidole. Turnavisi mbili za kukaza skrubu. Sindano ndani ya kizibo. Vyote viko. Bila hii mufuko nasikia niko uchi.

Saa tisa nimekaa mbele ya klavye ya Nabintu. Ni ubao wa kuandikia wa ordinatere. Ordinatere, ile kompyuta yenyewe, alienda nayo kazini Kamituga, klavye akaiacha. Aliitengeneza yeye mwenyewe, mujukuu wangu, tushe moja moja, vile vidude vya herufi, kwa meza hii, na mimi namushikia tochi. Sasa haijafungwa na kitu. Nafinya tu zile tushe. Tok, tok, tok. Kama Nabintu iko chumbani anaandika.

Nimefinya mupaka saa kumi. Kisha nyumba ikanyamaza. Sipendi nyumba ikinyamaza.

Jumatano, tarehe 5

Shule sikusoma. Kuandika nilijifunza kwa masomo ya wamama ya paroasi, kanisani, nikiwa tayari koko mwenye mujukuu. Hii kaye, daftari yangu, naijaza vibaya na hakuna atakayeikosoa.

Vumilia alipita. Jirani yangu, anauzisha vikwembe Kamituga. Alichungulia kwa dirisha.

— Koko, unapiga piano?

— Ndiyo.

— Mbona muziki haitoki?

— Inatoka kwa mutu mwenye masikio. Kwenda!

Alicheka mupaka njiani. Naye acheke. Iko na watoto sita ndani ya nyumba, hajui.

Klavye imeanza kukwaruza. Chini ya kila tushe kuna kiboksi kidogo, Nabintu anaita swichi, na ndani ya swichi kuna resori, waya ya kuzunguka inayorudisha tushe juu. Alikuwa anapaka mafuta mule na burashi nyembamba. Chupa yake alienda nayo.

Mafuta ni mafuta. Nimepasha mawese kwa moto ya makala, nikachukua unyoya wa kuku. Nimefungua swichi ya kwanza na ncha ya kisu, nikapaka. Nzuri. Ya pili. Ya tatu.

Ijumaa, tarehe 7

Nimemaliza zote. Makumi sita na nane. Mugongo inauma, vidole vinanukia jikoni. Lakini ile sauti! Nzito, laini, kama mahindi inaanguka ndani ya kitunga. Nilifinya mupaka nikasahau sombe kwa moto. Nimekula iliyoungua. Furaha kabisa.

Jumapili, tarehe 9

Baridi ya kiangazi imetoka kwa ziwa. Asubuhi, mbele ya misa, nilifinya tushe moja. Ilishuka. Haikupanda.

Nikafinya ingine. Vilevile.

Mawese imeganda. Asubuhi za mwezi wa sita inaganda hata ndani ya chupa, kila mwanamke wa Bukavu anajua, tunaiweka karibu na mbabula ya makala ndiyo itoke. Nimepika nayo maisha yangu yote. Akili yangu ilikuwa wapi?

Na sisimizi wameingia. Kwa kwaya sikuimba.

Jumatatu, tarehe 10

Nabintu amepiga simu. Anaandika mafishi, habari ya kila mugonjwa, kwa hospitali moja kule. Wamemuweka kwa majaribio mupaka mwisho wa mwezi, kisha wanasaini naye ao wanachukua mwingine. Ordinatere yake imekufa herufi. A haiandiki, E haiandiki, nyingine tano. Mafishi inabaki nyuma na mukubwa wake amemwita mara mbili.

— Koko, nitumie klavye yangu. Maman Vumilia anakuja huku Jumamosi.

— Huko haziuzishwe?

— Huku wanauzisha mabeleshi ya kuchimba zahabu, Koko.

Nikasema sawa. Ile ya mawese sikusema. Mudomo ilikataa.

Jumanne, tarehe 11

Sikugusa klavye. Niliiangalia tu.

Niandike ukweli, hii kaye haina masikio. Nimefikiri hivi: nisipotuma, atakosa kazi. Akikosa kazi, atarudi. Atalala kwa kitanda yake, nitamupikia, atanisumbua na waya zake mezani. Nilitaka hivyo. Nilitaka sana. Niliona hata mlango unafunguka.

Koko gani anaombea mujukuu wake aanguke? Mimi.

Jumatano, tarehe 12

Nimeamka na hasira juu yangu mwenyewe. Hasira inasaidia kazi.

Kwanza nimechora klavye nzima kwa ukurasa wa hii kaye, kila herufi mahali pake. Kisha nimetoa tushe zote. Nimevuta swichi kwa koleo ndogo aliyoacha Nabintu, nikazifungua tena moja moja. Kifuniko ina vimeno vinne. Unainua viwili na ncha ya kisu, viwili vinafuata vyenyewe. Ukilazimisha, vinavunjika. Kijiti, resori, kiboksi. Nimetia yote ndani ya maji ya moto na sabuni. Maji ikawa nyekundu kama mutu amechinja.

Nimeanika kwa lungo juani. Nimefukuza kuku siku nzima.

Kazi hii naipenda. Lazima niseme. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu ya kufanya tangu Nabintu aende.

Alhamisi, tarehe 13

Nafunga swichi. Resori moja imeruka. Nilisikia tu tiii, ikaenda. Nimetambaa kwa magoti na tochi, chini ya kabati, chini ya kitanda, nimepata sindano, kijiko, rozari ya marehemu muzee wangu. Resori hapana.

Nimevunja bic, kalamu ya kufinya, nikatoa resori yake. Ndefu na ngumu. Nimeikata na kisu, nikakunja ncha na kibanio. Swichi ile nimeiweka chini ya X. Kati ya watu wote ninaowajua hakuna mwenye X kwa jina yake.

Jioni nimemaliza. Inalia vizuri. Lakini kulia siyo kuandika, na mimi sina ordinatere. Vumilia anaondoka kesho kutwa.

Ijumaa, tarehe 14

Nimeibeba klavye kwa ofisi ya fotokopi, pale barabarani. Nimeifunga mugongoni na kikwembe, kama mutoto, sababu njia yetu inateremka na mawe inateleza. Watu waliangalia. Waangalie.

Papa Ciza, mwenye ofisi, alicheka.

— Koko, unataka kuandikia nani? Raisi?

— Chomeka, Papa. Maneno baadaye.

Akachomeka. Nilifinya herufi moja moja na kidole kimoja, na yeye anasoma kwa ekrani. Iko. Iko. Iko. Tukafika kwa M. Hakuna. Kwa R. Hakuna.

Papa Ciza akasema hiyo imekufa. Nikamwambia watu wanakufa, hii tuiangalie. Nikavuta swichi ya M. Mguu wake mmoja wa shaba ulikuwa umejikunja. Mimi ndiye niliusukuma vibaya jana, macho yakiwa yamechoka. Nikatoa kibanio kwa mufuko, nikaunyoosha polepole, nikarudisha. M ikaandika. R vilevile.

Papa Ciza hakucheka tena. Aliniuliza kama naweza kuangalia mashini yake ya kupasha plastiki juu ya karatasi. Nikamwambia leo hapana, leo niko na mugonjwa huyu.

Jumamosi, tarehe 15

Nimeifunga ndani ya blanketi ya Nabintu ya utoto, kisha boksi ya karto, kisha kamba. Vumilia akapakia juu ya magunia, ndani ya jipi. Nikapanda gurudumu, nikaiteremsha. Nikamuwekea kwa magoti yake.

— Koko, barabara ni siku mbili! Nitakojoa namna gani?

— Utampa jirani ashike. Chini haifiki.

Derewa akapiga honi. Wakaenda. Nimebaki na vumbi mudomoni.

Nyumbani meza iko tupu. Nimeketi palepale. Vidole vilijifinya vyenyewe juu ya mbao.

Jumanne, tarehe 18

Hakuna simu. Wanasema kuna lori imekwama njiani na magari inapanga mustari. Sikula.

Alhamisi, tarehe 20

Amepiga! Imefika jana jioni. Inaandika, yote. Alianza usiku uleule mafishi iliyobaki nyuma.

Kisha akasema:

— Koko, X yako ni ngumu kama wewe.

Akaendelea:

— Na chini ya ile ndefu, ya nafasi, kuna kitu nyekundu. Nimenusa. Koko, hii siyo mawese?

Nikamwambia yote. Mawese, unyoya, sisimizi. Akacheka mupaka akakohoa. Kisha akaacha.

— Lakini ulikuwa unaipaka mafuta ya nini, na ordinatere haiko?

— Nilikuwa naifinya.

— Kila siku?

— Kila siku. Saa tisa mupaka saa kumi.

Nilisikia watu wake wanapita nyuma, mutu anaita jina yake. Nikamwambia na ile ya Jumanne, kwamba nilitaka akose kazi. Nilisema haraka, kama mutu anayetoa mwiba. Akasema: najua Koko, hata mimi siku zingine nilitaka.

Akaniambia nisilie. Sikuwa nalia. Nililia nilipoambiwa.

Jumamosi, tarehe 29

Wamesaini. Miaka tatu. Nilipiga vigelegele ndani ya simu, Vumilia akaja mbio akifikiri mutu amekufa. Tulikunywa Fanta. Nilicheka sana na kila mutu.

Mukataba ni yake, ameifanyia kazi. Sitaki hata siku moja ipunguzwe. Miaka tatu.

Jumapili, tarehe 30

Misa. Maharagi. Upepo kidogo kwa ziwa.

Jana nilimuuliza Nabintu kama naweza kuweka mupangaji kwa chumba yake. Alisema ndiyo mbele hata sijamaliza kuuliza.

Leo nimefagia mule, nimefungua dirisha. Nimekata karto na kisu na nimeandika kwa herufi kubwa, ya kutundika kwa mulango wa inje:

CHUMBA IKO. MWANAMKE. ASIWE MULEVI. ASIPIGE MAKELELE.

Nimeisoma. Nimechukua kalamu, nimefuta ile ya makelele.